Robine ikivunjikia ku ukuta: namna ya kutoa kipande kinachobaki

Bukavu, kama ku miji mingine ya mashariki, familia nyingi zinachota maji ku robine moja tu, ile ya nje ndani ya lupango. Watoto wanaining'inia, bidoni zinaigonga, na siku moja inakatika. Robine inabaki mkononi, meno yake yanabaki ndani ya ukuta.

Wengi wanafunga pale na mpira wa baiskeli, basi. Shida ni hii: maji yakikatika, tiyo inabaki bila nguvu, na uchafu wa nje unaweza kunyonywa ndani palepale panapovuja. Maji yakirudi usiku, uchafu huo ndio unatangulia ku bidoni. Kwetu, ambako kipindupindu kinarudi kila mara, hiyo si mchezo.

Kutoa kile kipande hakutaki nguvu, kunataka uvumilivu. Funga maji pale yanapoingilia ndani ya lupango. Kama hakuna pa kufungia, ngoja yakatike. Chukua lama ya msumeno wa kukatia chuma, bila mkono wake, na uzungushie kitambaa pale utakaposhika. Ingiza lama ndani ya kipande, ukate polepole kuelekea nje, mkato mmoja, halafu wa pili ng'ambo yake. Hapa ndipo watu wanaharibu. Lama ikifika ku meno ya ile kona ya ukutani, robine mpya haitashika vizuri tena, na dawa itakuwa kubomoa ukuta. Afazali kusimama mapema. Tia turnevisi pana ndani ya mikato hiyo miwili, geuza kushoto. Ikikataa, gonga kidogo upande mmoja wa kipande kikunjike kwa ndani, ukivute na pensi.

Kuna wanaochoma kipande cha plastiki na moto. Moshi wake ni sumu, na kama kona nayo ni plastiki, vyote vinayeyuka pamoja.

Safisha meno ya kona na burushi. Zungusha tefloni ku robine mpya, kufuata upande wa kukazia, kaza kwanza na mkono, kisha kle kidogo tu. Nyingi zinavunjika sababu zilikazwa kupita kiasi. Maji ya kwanza, myamwange mpaka yatoke safi.