UFUNGUO WA NYUMBA ANAO NANI?

Msomaji wangu, ukishika riwaya ya zamani ya Uingereza usikimbilie kutaka kujua nani kaolewa na nani. Anza na hili: huyu dada anakaa wapi, na nyumba ni ya nani? Utamu wote uko hapo, na uchungu pia.

Mchukue Elizabeth Bennet wa "Pride and Prejudice", riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813. Kwao wamezaliwa mabinti watano, wa kiume hakuna. Baba akifunga macho tu, nyumba na shamba vinakwenda kwa jamaa wa kiume wa ukoo, Bwana Collins. Ndiyo maana mama mtu kila kukicha anasaka wakwe! Wasomaji wengi humcheka eti hana akili. Anazo sana, ila anaogopa kutupiwa virago.

Mara Jane, dada yake Elizabeth, akaugulia kwenye nyumba ya jirani. Elizabeth huyo, kwa miguu, maili 3, kafika gauni limejaa matope. Dada za mwenye nyumba wakaanza kumteta: binti wa heshima gani anatembea peke yake? Jamani, kutembea tu nako kesi!

Kwenye "Jane Eyre" ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847, mambo ni mazito zaidi. Jane, yatima wa miaka 10, anafungiwa kwenye chumba alichofia mjomba wake. Akishakua anapata kazi ya kufundisha mtoto kwenye jumba la Thornfield. Tajiri wake anampenda na kutaka kumwoa, kumbe juu kabisa ya jumba hilohilo kamficha mkewe Bertha, mgonjwa wa akili! Mwisho Bertha anaichoma nyumba na kufia hapohapo.

Msidhani ni hadithi tupu. Sheria iliyompa mke wa Kiingereza haki ya kumiliki mali yake mwenyewe kama mtu kamili ilipitishwa mwaka 1882. Na mwaka 1929 mwandishi Virginia Woolf akasema wazi: mwanamke akitaka kuandika riwaya, awe na paundi 500 kwa mwaka na chumba chake chenye kitasa.

Hakudai jumba, chumba tu. Mlango wa Bertha ulifungwa kwa nje. Woolf alitaka unaofungwa kwa ndani, na ufunguo awe nao mwenyewe.