Nebula ya Carina: kwa nini kamera inaona nyekundu na jicho linaona kijivu?

Mtandaoni utaiona Nebula ya Carina kama wingu jekundu linalowaka. Ukitoka nje kuitafuta kwa macho, unaambulia ukungu wa kijivu. Hivi wapiga picha wanatudanganya?

Kwanza tuijue yenyewe. Ni wingu kubwa la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kama 7,500, na ndani yake nyota zinazaliwa. Nyota changa zilizo kubwa hutoa mwanga mkali wa urujuanimno, ambao hung'oa elektroni kwenye atomi za haidrojeni. Elektroni zikinaswa tena na kushuka ngazi za nishati, hutoka mwanga mwekundu wa nanomita 656. Kwa hiyo wekundu ule upo kweli.

Tatizo liko kwenye jicho. Gizani, seli zake za kutambua rangi hazipati mwanga wa kutosha, kwa hiyo tunaona kijivu tu. Tena jicho haliwezi kulimbikiza mwanga kwa muda mrefu. Kamera inaweza: ukiiacha wazi sekunde 30, inakusanya mwanga wa sekunde zote 30.

Ila Dunia inazunguka, na nyota zitageuka vistari. Ndiyo maana watu hutumia kifaa kinachoizungusha kamera taratibu kuzifuata nyota, wakapiga picha nyingi, kisha wakaziunganisha kwa programu. Ukiunganisha picha 100, chenga hupungua kama mara 10.

Je, kila rangi ni halisi? Hapana. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilipiga ukingo wa NGC 3324, sehemu ya eneo hilihili, kwa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni kabisa. Wanasayansi wakayapa mawimbi marefu rangi nyekundu na mafupi bluu. Huo si uongo, ni tafsiri: gesi na nyota zipo palepale, rangi ndiyo tuliyochagua sisi.

Unataka kujaribu? Ukiwa Tanzania au Kenya, mwezi Mei saa 2 usiku, masika ikiruhusu, tafuta sehemu isiyo na taa. Tazama kusini, kulia kwa Msalaba wa Kusini. Kamera nyingi za kawaida zina kichujio kinachokata sehemu kubwa ya mwanga ule wa nanomita 656, basi usishangae ikitoka ya waridi hafifu. Nebula ni ileile.