Dongo Kundu imefunguka, lakini feri ya Likoni bado ni barabara yetu

Hapa Kibwezi ninapofanyia kazi, madereva wa malori ya matunda wakijua natoka Mombasa huniuliza: "Ustadh, Dongo Kundu imefunguliwa, si feri imekwisha?" Hata ndugu zetu wa pwani nimewasikia wakisema hivyo, basi na tulifafanue.

Kwa dereva, jibu ni jepesi. Zamani, akitoka Kibwezi kwenda Ukunda, aliingia kisiwani kwa Makupa, akakata mji, kisha akapanga foleni Likoni. Asipotaka hivyo, alizungukia Kinango hadi Kwale. Tangu 2024 anakata kulia upande wa Miritini, anapita daraja la Mwache lenye mita 660, kisha la Mteza lenye mita 1,440, na kutokea Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga. Kisiwa hakigusi kabisa.

Kwa anayekwenda kwa miguu, mambo ni mengine. Mama wa Likoni anayepeleka mboga Marikiti ana mkondo wa takriban nusu kilomita tu mbele yake. Kumwambia apitie Dongo Kundu ni kumwambia azunguke bandari nzima, tena kwa nauli, ilhali kwenye feri mtembea kwa miguu halipi kitu.

Tuangalie vivuko vyetu vingine. Nyali, daraja la sasa la 1980 lilichukua nafasi ya lile la kuelea la 1931. Kilifi, daraja lilipofunguliwa 1991 lilijengwa karibu na kivuko chenyewe, na feri ikastaafu. Daraja likikaa jirani na kivuko, hukirithi pamoja na watu wake. Likikaa mbali, hukipunguzia magari tu. Watu wanabaki palepale.

Mbona basi halikujengwa Likoni? Kwa sababu meli zote za Kilindini hupita mlango huo. Daraja la hapo lazima liwe refu kwenda juu mno, na gharama yake ni kubwa. Mpango wa daraja hilo upo, kwa ushirikiano na Japani, lakini mpango hauvushi mtu. Dongo Kundu imepita ndani kabisa ya hori, ambako meli kubwa hazifiki.

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Kwenye feri, wanaolipa ni wenye magari. Watembea kwa miguu, ambao kwa hesabu inayotajwa kila mara ni zaidi ya 300,000 kwa siku, huvuka bure. Magari yakihamia Dongo Kundu, mapato ya feri hupungua, lakini mafuta, mafundi na vipuri havipungui. Pengo hilo lisipozibwa na serikali, litazibwa na feri kuukuu zinazobeba kupita kiasi. Tunajua mwisho wake: tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Allah awarehemu.

Tuishukuru barabara mpya, kwani imewafaa Kwale, wasafirishaji na wageni wa Diani. Lakini kiongozi akija kutuhesabia kilomita za lami, tumuulize pia: leo asubuhi Likoni, feri ngapi zilikuwa zinafanya kazi?