Je, upele wa mbwa ndio unaowawasha watoto wetu?



Ukimwona mbwa amenyonyoka manyoya, ngozi imekuwa na magamba, naye anajikuna mchana kutwa, yaelekea ana upele wa wanyama. Mbuzi huupata, na mbweha wa porini pia. Unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kwa wanyama si jambo dogo: katika mji wa Bristol, Uingereza, upele huu ulizuka mwaka 1994 na kuua karibu mbweha wote wa mji.

Je, mtu huambukizwa? Ndiyo, lakini kidogo. Mdudu wa mbwa akikuingia utawashwa mikono au tumbo, pale ulipomgusa mnyama. Hata hivyo hawezi kuzaliana na kuendelea kuishi kwenye ngozi ya binadamu. Ukiacha kumgusa mbwa huyo, muwasho huisha wenyewe.

Upele unaosumbua nyumba nyingi ni wa watu. Huwasha zaidi usiku, katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri. Hupita kwa kugusana ngozi, hasa mnapolala wengi chini ya blanketi moja. Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anawapa wengine. Ndiyo maana mama humtibu mtoto mmoja, na baada ya mwezi anakuna tena. Hapo mbwa wa jirani amesingiziwa, na kumuua hakutasaidia kitu.

Fika zahanati na uwataje wote mnaolala pamoja. Wote wapate dawa siku moja, hata wasiowashwa. Siku hiyo hiyo fueni nguo na mashuka kwa maji ya moto na kuyaanika juani. Blanketi lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku 3 au zaidi, maana mdudu huyu hufa akikosa ngozi ya mtu. Muwasho ukiendelea wiki 2 baada ya dawa, usishtuke wala usirudie dawa bila kuuliza.

Tafadhali, usimpake mtoto dawa ya kuogeshea mifugo. Ni sumu inayopita kwenye ngozi. Mtoto anaweza kutokwa mate mengi, kukosa pumzi na kufa. Oili chafu ya gari nayo haimponyi mbwa, humuumiza tu. Muulize afisa mifugo.

Na mbweha je? Mbweha anayezurura mchana karibu na nyumba bila kuogopa watu asiguswe, awe ana upele au hana, kwani anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.