Newton, Chaloner na Meno ya Sarafu

Msomaji anauliza: meno yaliyo ukingoni mwa sarafu yana kazi gani? Jibu linapita kwa mwanafizikia Isaac Newton. Tumkute mwaka 1696, alipopewa usimamizi wa Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme ndani ya Mnara wa London.

Sarafu kongwe za Uingereza zilikuwa fedha halisi iliyogongwa kwa nyundo, na umbo lake lilikwenda upande. Wajanja walizipunguza kwa mkasi, wakayeyusha vipande. Hapo ndipo hesabu inaponoga. Chukua chapati yenye upana wa sentimita 20. Mtoto anamega ukingo tu, sentimita moja kuizunguka. Iliyobaki bado ni duara, bado ni chapati. Mama akipita haraka hashtuki. Lakini upana sasa ni 18, na eneo hufuata mraba wa upana: 324 badala ya 400. Karibu moja ya tano imeliwa! Akizunguka mara ya pili, zaidi ya theluthi imekwenda. Mali nyingi iko pembeni.

Dawa ikawa kuuandika ukingo wenyewe au kuutia meno. Wafaransa walitumia vyuma viwili vilivyochongwa herufi, kimoja kimetulia na kingine kikisogea. Sarafu huviringika katikati, na kila chuma huiachia nusu ya maandishi. Nusu mzunguko tu, kazi imekwisha. Ukiikata sarafu, herufi au meno yaliyokatika yanakuchongea. Waingereza waliifanya mbinu yao siri kubwa, hata Newton aliapishwa asiitoe.

Ukingo humkomesha mkataji, si anayeunda sarafu bandia nzima. William Chaloner, aliyeanza kwa kujifunza kufua misumari Birmingham, alikuwa huyo wa pili. Mwaka 1697 alilalamika Bungeni kwamba kiwanda kinaendeshwa ovyo, akadai anajua kutengeneza ukingo bora. Aruhusiwe tu kuingia. Ujasiri ulioje! Newton alikataa.

Fizikia haikumnasa Chaloner. Newton alilipa wapelelezi, akahoji wafungwa pamoja na wake na mahawara wa waghushi, akakusanya ushahidi karatasi kwa karatasi. Kughushi sarafu kulikuwa uhaini. Chaloner alimwandikia Newton akiomba aokolewe, haikufaa kitu. Alinyongwa Tyburn, London, Machi 1699, na mwishoni mwa mwaka huohuo Newton akapandishwa kuwa mkuu wa kiwanda.