Bastola Nzito Kiunoni: Mkoba Upi Unafaa?



Wengi wetu hapa Ngagara, tunaolinda milango ya maghala na nyumba za watu, tunabeba rungu na tochi. Lakini wapo wenzetu wanaofanya kazi ya kusindikiza watu au fedha, na wengine wamevuka mpaka kuitafuta kazi hiyo. Hao hupewa bastola na kuamriwa waifiche chini ya nguo. Wanaiuliza sendika: mbona kiuno kinauma kutwa, na ni mkoba gani utatupunguzia taabu?

Kabla ya mkoba kuna kibali. Silaha ndogo hapa Burundi zinaongozwa na sheria ya tarehe 28 Agosti 2009. Asiye na kibali asiusome ukurasa huu kama ruhusa.

Sasa tuutazame uzito. Bastola ya Browning ya mwaka 1935, iliyotengenezwa Herstal kule Ubelgiji na kuenea sana Afrika, ina karibu kilo moja ikiwa tupu. Magazini yake inaingia risasi 13, na kila risasi ya milimita 9 ina gramu kama 12, kwa hiyo ongeza gramu 150 na zaidi. Colt ya Kimarekani ya mwaka 1911 ni kilo 1 na gramu 100 kabla hujatia risasi hata moja. Kilo moja mkononi ni kitu kidogo, kama mfuko wa sukari. Kilo moja hiyohiyo ikining'inia upande mmoja wa nyonga kwa saa 12 ni jambo jingine, kwa sababu mwili hujipinda upande wa pili ili usianguke, na misuli ya mgongo hufanya kazi hiyo ya kupinda mchana kutwa bila mtu kujua.

Watu wengi hukosea hapa. Wananunua mkoba wa bei kubwa na kuufunga kwenye mkanda wa kwendea kanisani au msikitini. Kinachobeba bastola ni mkanda. Mkanda mwembamba hulegea, mkoba huinama nje, mpini unachomoza kwenye shati na kila mtu sokoni anajua umebeba nini. Halafu mlinzi anakaza zaidi, na mkanda unamkata. Akianza kusikia ganzi au moto upande wa nje wa paja, ajue kuna mshipa wa fahamu unaobanwa pale karibu na mfupa wa nyonga. Alegeze, na ganzi ikiendelea aende kwa daktari. Mkanda unaofaa una upana wa sentimita 4 hivi, ni wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, na ukiushika kwa ncha hauanguki kama kamba. Mkoba nao uwe na nafasi za kupitisha mkanda zilizo sawa na upana huo, usicheze.

Mahali pa kuuvaa ni nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, upande wa mkono unaotumia, na mpini ulale mbele kidogo ili ukiinama usichomoze. Ukumbuke kwamba mtutu hujificha wenyewe, na kinachokutangaza ni mpini. Usiiweke katikati ya mgongo, juu ya uti. Ukianguka chali unaangukia chuma, na ukikaa kwenye gari kinakuchimba njia nzima. Anayeingiza mkoba ndani ya suruali anunue suruali kubwa kwa saizi moja. Dereva anayekaa kutwa anaweza kupenda mkoba wa begani, maana uzito unagawanyika mabega mawili na magazini za akiba hukaa upande wa pili kama mizani. Lakini mkoba huo unadai koti, na koti kwa joto hili la kando ya ziwa ni adhabu.

Starehe isitusahaulishe usalama. Mkoba lazima ufunike kabisa kifyatulio, pale kidole kinapovuta, na uishike bastola hata ukikimbia. Novemba 2008, huko New York, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress, alichomeka bastola kwenye kiuno cha suruali bila mkoba. Ikateleza kwenye mguu, akaikamata kwa haraka, akajipiga risasi ya paja. Kibali cha mji ule hakuwa nacho, na mwaka 2009 akaingia gerezani. Mkoba wa kitambaa laini nao hatuupendi: mdomo wake hujifunga ukitoa bastola, na wakati wa kuirudisha kitambaa kinaweza kuingia penye kifyatulio. Hata ngozi iliyochakaa na kujikunja hufanya vilevile. Hiyo itupwe, hata kama ilikuwa ya gharama.

Ngozi hunywa jasho, na jasho lina chumvi, na chumvi huleta kutu. Tafuta mkoba wenye kipande kinachopanda juu kati ya chuma na mwili wako, na bastola ipanguswe kwa mafuta kila mwisho wa zamu. Plastiki ngumu hainywi jasho, ila wengine inawachubua. Kwa hiyo mtu ajaribu mwenyewe, akae, apande gari, ainame kufunga kiatu, tena bastola ikiwa tupu, kabla mkoba haujalipiwa.

Na nani alipe? Tajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haijauridhia. Mikanda kukatwa kwenye mshahara hatukubali. Wajumbe wa wafanyakazi wanaoandika barua kwa kampuni wataje mkanda na mkoba pamoja, pamoja na saizi ya kila mtu, maana tajiri akiombwa mkoba peke yake atanunua mkoba peke yake.