Malengo ya Dunia na Ramani ya Kanisa

Sharika zetu hazichoki kujenga, lakini mbele ya mchora ramani maswali mara nyingi huwa mawili tu: fedha ni kiasi gani, na mnara utakuwa na urefu gani. Katika makala hii twapenda kuonyesha jinsi Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ili yatimizwe ifikapo 2030, yawezavyo kuongeza maswali mengine kabla msingi haujachimbwa.

Wapo wasemao kwamba malengo hayo 17 si Injili. Ni kweli, wala hatuyahubiri. Lakini Luther alifundisha kwamba Mungu huutawala ulimwengu huu pia kwa sheria na akili ya kawaida, na Torati yenyewe (Kum. 22:8) humtaka mjenzi azungushie dari yake ukingo, ili nyumba isimwue mtu. Hiyo ni amri ya ramani!

Tuchukue Lengo la 6, yaani maji. Paa la mita za mraba 300, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 240,000. Tukiondoa sehemu ya tano kwa upotevu, zabaki 192,000. Lakini tangi na mifereji lazima viamuliwe mapema, kwa kuwa paa lenye vipande vingi vya mapambo hukinga maji kwa shida. Lengo la 11 hutaja watu wenye ulemavu: sakafu iliyoinuliwa nusu mita yadai njia ya mteremko yenye urefu wa mita 6, kwa kipimo cha 1 kwa 12. Nafasi hiyo ikisahauliwa, ndugu yetu mwenye kiti cha magurudumu atabebwa kila Jumapili kama mzigo.

Ugumu huja pale malengo yanapovutana. Tofali za kuchoma humaliza miti, kinyume cha Lengo la 15. Saruji nayo, ambayo utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu, yapingana na Lengo la 13. Sisi twaona kwamba tofali za udongo zilizochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa, ni njia ya kati, iwapo udongo wa mahali wafaa. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Hapo malengo hayaamui. Yaamua kamati ya ujenzi, nayo sharti iwe na akina mama wachotao maji na watu wenye ulemavu wenyewe, kabla ramani haijatiwa sahihi.